Kupanda na Kutunza Manjano Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu wanaootesha manjano kwenye vyungu, ndoo na vitalu vidogo vya nyumbani huyarudia kila msimu. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee, na pale jibu linapotegemea lingine, msomaji anaelekezwa huko. Manjano si mmea mgumu, lakini una majira yake ya kukua na majira yake ya kulala, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa hutokana na mtu kuuhudumia mmea uliolala kana kwamba umeamka.

## Mmea wenyewe

Manjano ni mmea wa namna gani, na sehemu inayotumika ni ipi?

Manjano, au binzari manjano kama wengine wanavyoiita, ni mmea wa jamii ya tangawizi na iliki, na jina lake la kitaalamu ni *Curcuma longa*. Asili yake ni Asia ya Kusini, na hadi leo India ndiyo inayozalisha manjano kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Mmea hufikia urefu wa takriban mita moja, una majani mapana na marefu, na kile kinachoonekana kama shina juu ya ardhi ni misingi ya majani iliyofungamana, moja ndani ya nyingine, kama ilivyo kwa mgomba.

Shina halisi linalala chini ya udongo. Hilo ndilo tunguu, nalo ndilo linalovunwa. Ukiling'oa zima utaona sehemu nene ya katikati, yaani tunguu mama, na pembeni yake matawi membamba yanayoitwa vidole. Tunguu si mzizi, na jambo hili lina maana kwa mpandaji: kwa kuwa ni shina, lina macho, na kila jicho lenye afya linaweza kuwa mmea mpya. Mizizi yenyewe ni nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye tunguu na kusambaa chini yake.

Je, manjano hupandwa kwa mbegu?

Hapana. *Curcuma longa* ni mmea tasa. Seli zake zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na kwa sababu hiyo hauzai mbegu zinazoota. Manjano yote yanayolimwa duniani yametokana na vipande vya matunguu vilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono, msimu hadi msimu. Yeyote anayekuuzia pakiti ya mbegu za manjano anakuuzia kitu kingine.

Inachukua muda gani tangu kupanda hadi kuvuna?

Kwa kawaida ni miezi 7 hadi 10, kutegemea joto la mahali na aina iliyopandwa. Muda huo uhesabiwe tangu chipukizi linapotokeza juu ya udongo, kwa sababu kuota kwenyewe kunaweza kuchukua wiki nyingi. Mwenye haraka ya kuona mavuno ndani ya miezi 3 au 4 atapata majani mazuri na matunguu machanga yasiyo na rangi wala harufu ya kutosha.

Nitajuaje kama nilichonacho ni manjano halisi na si mmea unaofanana nayo?

Kata tunguu. Ndani ya manjano kuna rangi ya chungwa au njano iliyokolea, na harufu yake ni ya udongo wenye viungo, yenye ukali kidogo. Mimea ya karibu yake hutofautiana: *Curcuma zedoaria* ina nyama ya njano iliyopauka sana, na mara nyingi majani yake yana mstari wa zambarau katikati, *Curcuma aromatica* ina vinyweleo laini upande wa chini wa jani, ilhali jani la manjano halina vinyweleo pande zote mbili. Ipo pia mimea ya jenasi hiyohiyo inayouzwa kwa ajili ya maua tu. Hiyo isipandwe kwa matumaini ya kupata kiungo.

## Kuchagua na kuotesha tunguu

Je, ninaweza kupanda manjano mabichi niliyonunua kwa ajili ya kupikia?

Ndiyo, na wengi huanza hivyo. Chagua tunguu gumu, lililojaa, lisilo na ukungu wala sehemu zinazobonyea, na ulitazame kwa karibu penye pete zake. Kwenye pete hizo utaona vinundu vidogo vilivyochongoka mfano wa ncha ya pembe, vyenye rangi hafifu kuliko ganda. Hayo ndiyo macho. Tunguu lililosinyaa kidogo bado linafaa. Lililokauka kabisa, au lililochemshwa kabla ya kukaushwa kama yalivyo mengi ya kusagwa, halitaota kamwe.

Nipande tunguu zima au nilikate?

Yote mawili yanawezekana. Kipande kizuri kina uzito wa gramu 20 hadi 30 na macho mawili au zaidi. Kipande kidogo mno huota, lakini huwa na akiba ndogo ya chakula na chipukizi lake hutoka dhaifu. Ukikata, tumia kisu safi, kisha viache vipande mahali pakavu penye kivuli kwa siku moja au mbili hadi jeraha likauke na kufanya utando. Wapandaji wengine hupaka jivu kwenye jeraha ili likauke upesi. Kinachoharibu ni kukata na kupanda papo hapo kwenye udongo uliolowa, kwa kuwa jeraha bichi ni mlango wa kuoza.

Nimepanda wiki 4 zilizopita na hakuna kilichoota. Je, tunguu limekufa?

Huenda halijafa. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloua manjano mengi kuliko wadudu wote kwa pamoja, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi humwagilia zaidi. Tunguu lisilo na majani halinywi maji mengi. Linatumia akiba yake lenyewe. Maji yasiyotumika hukaa kwenye udongo, hewa huisha, na tunguu huoza kabla ya kuamka.

Kuota huchukua wiki 3 hadi 8, na wakati mwingine zaidi ikiwa udongo ni wa baridi. Joto ndilo linaloamua. Kwenye udongo wa nyuzi joto 25 hadi 30 za Selsiasi macho huvimba upesi, chini ya nyuzi 20 mambo huenda polepole sana, na udongo ukipoa zaidi ya hapo tunguu hubaki limelala. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwanza si kama maji yanatosha, bali kama udongo una joto.

Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nafukua kila baada ya siku chache ili nione. Siku niliyolikuta chipukizi, jeupe lenye wekundu kwenye ncha, refu kama ukucha wa kidole gumba, nilikuwa nimeshalivunja kwa kidole. Tunguu lilichipua tena kwenye jicho jingine, lakini nilipoteza karibu mwezi mzima. Ukilazimika kukagua, fukua kwa upole pembeni na ubonyeze tunguu: likiwa gumu, lifunike na usubiri, likiwa laini na lina harufu mbaya, litoe.

Je, kuna njia ya kuliamsha tunguu kabla ya kulipanda?

Ipo, na ninaipendekeza kwa kila anayeishi mahali penye msimu wa baridi, maana inaongeza miezi ya kukua. Panga matunguu kwenye sinia lenye mchanga au mboji yenye unyevu mdogo sana, kiasi kwamba ukiikamua kwa mkono haitoi tone. Yafunike kidogo, kisha weka sinia mahali penye joto la kudumu ndani ya nyumba. Mwanga hauhitajiki mpaka machipukizi yatokeze. Yakifikia urefu wa sentimita 2 au 3, hamishia kwenye chungu kikubwa.

Nipande kwa kina gani na kwa nafasi gani?

Kina cha sentimita 5 hadi 7, macho yakitazama juu, na nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati ya kipande na kipande. Ukishindwa kutambua upande wa juu, lilaze ubavu. Chipukizi litajua njia.

## Chungu, udongo na mahali

Chungu kiwe na ukubwa gani?

Upana ni muhimu kuliko kina, kwa kuwa matunguu husambaa kwenda pembeni zaidi kuliko kushuka. Kwa mmea mmoja, chungu cha upana wa sentimita 35 hadi 45 na kina cha sentimita 30 kinatosha. Ndoo, beseni kuukuu au mfuko wa kupandia hufaa vilevile, ila chombo chochote lazima kiwe na matundu ya kutosha chini. Chombo kisicho na tundu hakifai hata kama una uangalifu wa namna gani katika kumwagilia.

Udongo unaofaa ni upi?

Udongo tifutifu, wenye rutuba, unaohifadhi unyevu lakini hautuamishi maji. Kiwango cha tindikali kinachofaa ni pH kati ya 5.5 na 7.5, na udongo mwingi wa bustani umo ndani ya kiwango hicho. Kwa chungu, mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo mzuri wa bustani, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga mkavu au kitu kingine kinacholegeza udongo umenifaa kwa miaka.

Udongo wa mfinyanzi mtupu una madhara mawili: hushika maji, na hugandamana kiasi cha kuyafanya matunguu yakue yakiwa yamepinda na membamba. Jaribio rahisi ni kujaza chungu, kumwaga maji mengi, na kutazama. Ikiwa maji yamesimama juu ya udongo kwa zaidi ya dakika chache, ongeza mchanga na mboji kabla ya kupanda, kwa kuwa baada ya kupanda hutaweza kurekebisha bila kuumiza mizizi.

Manjano yanataka jua au kivuli?

Yanataka mwanga mwingi bila ukali wa mchana. Jua la asubuhi na kivuli chepesi baada ya adhuhuri ni mpango mzuri. Mahali ambapo jua si kali, mmea hustahimili jua la siku nzima mradi usikose maji. Kwenye kivuli kizito mmea hurefuka, majani huwa ya kijani kilichoiva na yanapendeza, lakini chini ya ardhi hakuna kitu cha maana.

Je, yanaweza kukua ndani ya nyumba moja kwa moja?

Yanaweza kuishi, ila mavuno huwa madogo. Weka chungu kwenye dirisha linalopata mwanga mwingi kuliko yote, na uwe macho na hewa kavu, kwa sababu hewa kavu hukausha ncha za majani na kukaribisha utitiri (tazama swali la wadudu). Panapowezekana, mtoe mmea nje katika miezi ya joto. Anza na kivulini kwa wiki moja, kwani majani yaliyozoea ndani huungua yakipelekwa juani kwa ghafla.

## Maji na chakula

Nimwagilie mara ngapi?

Hakuna idadi ya siku inayofaa kwa kila mtu, na ninashauri mtu asifuate ratiba bali afuate hatua ya mmea. Kabla ya kuota, udongo uwe na unyevu hafifu tu. Majani 2 au 3 yakishafunguka, anza kumwagilia vizuri kila udongo wa juu unapokauka kwa kina cha takriban sentimita 2. Chovya kidole, usikisie kwa macho. Katika miezi ya ukuaji mkubwa, mmea wenye majani mapana kwenye chungu unaweza kuhitaji maji kila siku wakati wa joto. Majani yanapoanza kugeuka njano mwishoni mwa msimu, punguza kidogo kidogo, na yakishakauka acha kabisa.

Matandazo ya majani makavu au nyasi, ya unene wa sentimita 5 hivi, hupunguza kazi hii sana. Huzuia udongo kukauka kwa haraka, hupunguza magugu, na yakioza huwa chakula.

Ni mbolea gani inayofaa, na niweke lini?

Manjano hula sana. Mboji au samadi iliyooza wakati wa kupanda ni msingi, na kuanzia mmea unapofikia majani 4 au 5 ni vizuri kuongeza safu nyembamba ya mboji juu ya udongo kila baada ya wiki 4 hadi 6. Samadi mbichi iepukwe, kwa sababu huunguza mizizi na huleta vimelea.

Ukitumia mbolea ya viwandani, chagua yenye uwiano mzuri wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kisha katika nusu ya pili ya msimu uelekee kwenye potasiamu. Naitrojeni nyingi wakati huo hufanya mmea uendelee kutoa majani badala ya kujaza matunguu. Acha mbolea zote mwezi mmoja au miwili kabla ya majani kukauka.

Nimeona tunguu limejitokeza juu ya udongo. Nifanye nini?

Lifunike. Matunguu hukua kuelekea juu na pembeni, na yanapofikiwa na jua hubadilika rangi na kuwa magumu. Pandishia udongo au mboji kuzunguka shina mara mbili au tatu kwa msimu. Kazi hiyo huwapa vidole vipya mahali pa kukulia. Kwa sababu hiyo, unapopanda kwenye chungu usikijaze hadi ukingoni. Acha sentimita 8 hivi za kuongezea baadaye.

## Mmea unapoonyesha dalili

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni hewa kavu, jua kali, au chumvi iliyojikusanya kwenye udongo kutokana na mbolea au maji ya bomba. Kama majani mapya yanatoka yakiwa safi, hakuna haja ya hofu. Kama kila jani linaanza kukauka mapema, mwaga maji mengi safi yapite kwenye chungu hadi yatoke chini, ili yasombe chumvi, kisha usitishe mbolea kwa wiki kadhaa.

Majani yanageuka njano. Je, ni ugonjwa au ndiyo mwisho wa msimu?

Tazama kalenda kabla ya kutazama jani. Ikiwa mmea una miezi 7 au zaidi na njano imeanza na majani ya chini, ikienda juu kwa utaratibu, mmea unajiandaa kulala na hilo ni jambo jema. Ikiwa mmea ni mchanga, sababu za kawaida ni tatu: maji yamezidi, chakula kimepungua, au mizizi imeshambuliwa. Chakula kinapopungua, majani yote ya chini hupauka taratibu lakini shina hubaki imara. Maji yakizidi, shina hulegea pale linapoingia udongoni, na hapo endelea na jibu linalofuata.

Shina limelainika chini na kuna harufu mbaya. Je, mmea unaokolewa?

Huu ni uozo wa tunguu, unaosababishwa hasa na vimelea vya jenasi ya *Pythium* ambavyo hustawi kwenye udongo uliojaa maji. Ukivuta shina kwa upole nalo likang'oka bila kupinga, uozo umeshafika kwenye tunguu. Mwaga udongo wote, osha tunguu, na ukate kila sehemu iliyolainika au iliyobadilika rangi hadi ufikie nyama ngumu yenye rangi safi. Kiache kilichosalia kikauke kwa siku mbili, kisha kipande kwenye udongo mpya mkavu kiasi. Udongo wa zamani usitumike tena kwa manjano wala tangawizi, na chungu kioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Ikiwa hakuna sehemu ngumu iliyobaki, usiupoteze msimu kwa kuubembeleza mmea huo.

Ni wadudu gani wanaosumbua manjano?

Nje, msumbufu mkubwa ni kiwavi anayetoboa shina: utaona tundu dogo lenye unga unaofanana na wa mbao, na jani la katikati limekauka huku mengine yakiwa ya kijani. Kata shina hilo chini ya tundu na uliteketeze. Ndani ya nyumba ni utitiri, ambao huacha vidoa vidogo vilivyopauka na utando mwembamba upande wa chini wa jani. Futa majani kwa kitambaa chenye maji, ongeza unyevu wa hewa, na ikibidi nyunyiza maji yenye sabuni kidogo au mafuta ya mwarobaini jioni, kamwe si wakati wa jua.

Wadudu gamba hushika kwenye tunguu lenyewe, hata lililohifadhiwa, na huonekana kama vumbi jeupe lililoganda. Usipande tunguu la namna hiyo kabla ya kulisugua na kulisafisha vyema. Kuhusu minyoo fundo, ambayo huvimbisha mizizi, tazama swali la kupanda mahali palepale.

Majani yana madoa ya kahawia. Je, ni hatari?

Madoa hayo kwa kawaida huletwa na kuvu katika vipindi vya unyevu mwingi. Machache hayapunguzi mavuno. Ondoa majani yaliyoathirika zaidi, mwagilia chini kwenye udongo badala ya juu ya majani, na ongeza nafasi kati ya mmea na mmea ili hewa ipite.

Mmea umetoa maua. Niyakate?

Si lazima. Ua la manjano hutokea katikati ya majani kama koni ya vijani vya kijani hafifu na vyeupe, wakati mwingine vikiwa na wekundu kwenye ncha, na maua yenyewe madogo ya njano hujificha ndani yake. Baadhi ya wapandaji huyakata ili nguvu ielekee chini. Binafsi huyaacha, kwa sababu ni dalili ya mmea uliokomaa na kushiba.

## Mavuno na hifadhi

Nitajuaje kuwa wakati wa kuvuna umefika?

Majani yatakauka na kuinama yenyewe. Baada ya hapo, acha wiki 2 au 3 bila maji, ili ganda la matunguu likaze. Subira hii ya mwisho ina faida kubwa: tunguu lililokaza ganda halichubuki kwa urahisi na hukaa muda mrefu.

Kama unahitaji kidogo tu kabla ya wakati, fukua pembeni mwa mmea na ukate kidole kimoja, kisha rudisha udongo. Mmea wenye afya hautajali.

Nivune vipi bila kuharibu?

Kwenye chungu, laza chungu ubavu, kitikise, na utoe udongo wote pamoja na mmea. Vunjavunja bonge kwa mikono. Kwenye kitalu, chimba kuanzia mbali, kama sentimita 30 kutoka shinani, ukiinua kwa uma wa bustani badala ya jembe. Vaa glavu au kubali vidole vya njano kwa siku kadhaa. Kabla ya kuosha, tenga matunguu utakayoyapanda msimu ujao. Chagua yaliyo makubwa na safi, si mabaki.

Manjano mabichi hukaa muda gani?

Yaliyofutwa udongo na kufungwa kwenye karatasi hukaa wiki 2 hadi 3 kwenye friji, na kwenye friza hukaa miezi 6 au zaidi. Ya kupanda yasiingie friji, kwani baridi huua macho. Yahifadhi kwenye mchanga mkavu au majani makavu, mahali penye kivuli na hewa, na uyakague kila mwezi ili uondoe linaloanza kuoza.

Nikaushe na kusaga vipi?

Njia ya kale ni kuchemsha matunguu yaliyosafishwa kwa dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kiingie bila kupingwa, kisha kuyaanika kwa siku 10 hadi 15. Kuchemsha husambaza rangi kwa usawa ndani ya tunguu na kufupisha ukaushaji. Tunguu lililokauka sawasawa hukatika kwa mlio mkavu linapovunjwa. Likijikunja badala ya kukatika, bado lina unyevu na litaota ukungu likihifadhiwa.

Kwa kiasi kidogo cha nyumbani, kukata vipande vyembamba vya milimita 3 na kuvianika kivulini penye hewa au kwenye oveni ya joto dogo ni rahisi zaidi. Tegemea kupata takriban kilo 1 kavu kwa kila kilo 4 au 5 mbichi. Hifadhi vipande vikiwa havijasagwa, kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na usage kiasi unachohitaji tu, kwa sababu rangi yake, inayotokana hasa na kemikali iitwayo kukumini, hupaushwa na mwanga. Udhaifu huohuo ndio dawa ya madoa: nguo iliyopata doa la manjano hugeuka nyekundu kidogo ikiguswa na sabuni, lakini ukiianika juani ikiwa imelowa, doa hufifia ndani ya siku chache.

## Hali za pekee

Ninaishi mahali penye baridi kali. Je, nijaribu?

Jaribu kwa chungu. Liamshe tunguu ndani wiki 8 kabla ya joto kufika, toa chungu nje joto la usiku likiwa halishuki chini ya nyuzi 12 hivi, na kirudishe ndani kabla baridi haijarudi. Barafu ikipiga majani hufa papo hapo, ingawa tunguu linaweza kusalimika ikiwa udongo wenyewe haukuganda.

Majani yakikauka katika majira ya baridi huku mmea ukiwa bado mchanga, kiweke chungu mahali pakavu penye nyuzi 15 au zaidi, bila maji, hadi joto lirudi. Wengi huutupa mmea wakati huu wakidhani umekufa, ilhali umelala tu.

Je, ninaweza kuyaacha ardhini hadi mwaka wa pili?

Unaweza, mahali pasipo na barafu wala maji yanayotuama. Yatachipua tena na kufanya kichaka kikubwa, lakini tunguu mama la zamani huwa na nyuzi nyingi na husongwa na vidole vipya. Kwenye chungu sishauri kupita misimu miwili bila kutoa na kugawa.

Ni vibaya kupanda mahali palepale kila mwaka?

Ndiyo, kwa sababu vimelea vya uozo na minyoo fundo hujilimbikiza. Pumzisha kitalu kwa miaka 2 au 3, na katika muda huo usipande hapo tangawizi, nyanya, bilinganya wala viazi, ambavyo hushirikiana na manjano katika baadhi ya maadui hao. Kwa chungu, badilisha udongo wote kila msimu.

Nimevuna, lakini ndani matunguu yamepauka. Kwa nini?

Kwanza hakikisha ni manjano halisi, kama ilivyoelezwa mwanzoni. Ikiwa ni halisi, sababu ya kawaida ni kuvuna mapema. Aina nazo hutofautiana: kukumini inaweza kuwa asilimia 2 au 5 ya uzito mkavu kutegemea aina na mahali yalipokulia, hivyo jirani mwenye manjano yaliyokolea ni mtu wa kuombwa kipande cha kupanda.

Chini ya matunguu nimekuta vijiazi vyeupe vinavyoning'inia kwenye mizizi. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Ni ncha za mizizi zilizovimba ili kuhifadhi maji na wanga, na hutofautiana na vifundo vya minyoo kwa kuwa ni laini kwa kugusa, vina umbo la yai refu na vinakaa mwishoni mwa mzizi. Ukikikata kimoja utaona nyama yenye majimaji na rangi hafifu. Havina macho, kwa hiyo havitaota vikipandwa peke yake, lakini vikibaki vimeshikana na tunguu la kupanda husaidia kulitunza lisisinyae hadi siku ya kupandwa.